Marekani ya jora ilitoka wapi? Lowell, mji uliouza maji

Ukiingia duka la vitambaa Mtaa wa Biashara, Mombasa, ukaomba marekani, utakunjuliwa jora la pamba isiyopaushwa, rangi ya malai, lenye vidoa vyeusi vya maganda ya mbegu ambavyo mashine haikuviondoa. Ndicho kitambaa cha sanda, cha bitana, cha magodoro, na cha fundi anayejaribia mshono kabla hajatia mkasi kwenye kitambaa cha bei. Jina lake linakaribia umri wa miaka 200. Kwamba limetokana na nchi ya Marekani, hilo halina ubishi. Kinachochanganya watu ni mengine: waliokiuza hawakuwa waliokifuma, waliokifuma hawakuwa waliolima pamba, na kwa zaidi ya karne moja marekani nyingi inayouzwa pwani haijatoka Marekani hata kidogo.

Tuanze na wauzaji, maana habari zao ni fupi. Meli za Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, zilianza kufika Unguja miaka ya 1820 zikitafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, ushuru wa bidhaa zinazoingia ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Shehena yao kubwa ilikuwa kitambaa hiki. Kutoka Unguja kikasambaa kwa vyombo hadi Mombasa na Lamu, na kwa misafara hadi bara.

Huko bara kikawa sarafu. Hesabu yake wazee wa pwani wanaijua: mikono 4 ni shuka, yaani wari 2; shuka 2 ni doti, yaani wari 4; na jora la merikani likahesabiwa wari 30, ambazo ni doti 7 na nusu. Msafara ulilipa hongo kwa doti, ukanunua posho ya wapagazi kwa mikono na shuka. Mabaharia nao walikishona matanga, ingawa kwa chombo kikubwa wengi walitaka maradufu, kitambaa kilichofumwa kwa mshazari na kuwa kizito zaidi.

Kwa nini kishinde vitambaa vya Waingereza, waliokuwa na viwanda vikubwa kuliko vyote duniani? Siri iko kwenye wanga. Uzi wa mtande, yaani ule unaotandikwa kwa urefu, hauwezi kufumwa ukavu: unasuguana na mashine mara maelfu, unatoa nywele, unakatika. Kwa hiyo hupakwa uji wa wanga kabla ya kutandikwa. Kiasi kidogo ni kazi, kiasi kikubwa ni udanganyifu, kwa sababu wanga uliochanganywa na udongo mweupe hufanya kitambaa chembamba kiwe kizito mkononi. Ukikifua mara moja, uzito unakwenda na maji na unabaki na chandarua. Viwanda vya Manchester viliiga merikani na kuileta huku, lakini mnunuzi wa pwani hakuwa mjinga: alikifikicha kitambaa, akatazama vumbi jeupe linalodondoka, akakirudisha. Kitambaa cha Marekani kilikuwa na pamba nyingi na wanga mchache, basi kikadumu.

Sasa kilifumwa wapi? Sehemu yake ilifumwa Salem kwenyewe, kwenye kiwanda cha Naumkeag kilichoanza kazi mwaka 1847 kwa mvuke. Lakini ufundi wenyewe, na kila kiwanda kilichofuata katika eneo hilo, chimbuko lake ni kwenye mito, na mji uliokuwa mfano wa yote ni Lowell, katika jimbo hilo hilo, kando ya mto Merrimack.

Historia ya Lowell haieleweki bila kwanza kuielewa nguvu ya maji. Watu hudhani mto mkubwa ndio wenye nguvu. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na kimo cha anguko. Mto Tana unaofika Kipini ni mpana na hauwezi kuzungusha kitu, kwa sababu nchi ni tambarare. Mombasa imezungukwa na maji pande zote, na wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita 3 na nusu, lakini anguko hilo hugeuka kila baada ya saa sita, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Kwenye maporomoko ya Pawtucket, Merrimack hushuka karibu mita 10 katika mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, usiku na mchana. Hiyo ndiyo mali iliyoujenga mji.

Mali hiyo ilikaa miaka mingi bila mtu kuithamini. Kampuni iliyoitwa Proprietors of Locks and Canals ilichimba mfereji kuzunguka maporomoko na kuumaliza mwaka 1796, lakini kwa ajili ya kupitisha magogo na mashua tu. Mfereji mwingine ulioelekea Boston ulipofunguliwa mwaka 1803, ukaichukua biashara, na ule wa kwanza ukabaki kama duka lisilo mteja.

Kule Boston, mfanyabiashara Francis Cabot Lowell alikuwa amekaa Uingereza kati ya 1810 na 1812, akitembelea viwanda vya pamba. Uingereza ilikataza kutoa michoro ya mashine nje ya nchi, naye akaondoka nayo kichwani. Pamoja na fundi Paul Moody alitengeneza mashine ya kufuma ikafanya kazi mwaka 1814 huko Waltham, kando ya mto Charles. Jambo jipya hapo lilikuwa mpangilio zaidi ya mashine: marobota ya pamba yaliingia mlango mmoja na majora yakatoka mwingine, kazi zote chini ya paa moja. Lakini mto Charles una anguko dogo, na wenzake wakataka kupanua. Lowell mwenyewe alifariki mwaka 1817. Mwaka 1821 washirika wake, Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson wakiwa mbele, walinunua mashamba ya kando ya Pawtucket na hisa za ule mfereji uliokufa. Kiwanda cha kwanza, cha kampuni ya Merrimack, kilianza kufuma mwaka 1823. Mwaka 1826 mahali hapo pakawa mji wenye jina la marehemu, ukiwa na watu wapatao 2,500. Kufikia 1850 ulikuwa na zaidi ya 33,000.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Lowell haikuwa kampuni moja yenye viwanda vingi. Ilikuwa kampuni moja yenye maji, na kampuni nyingine kadhaa zilizoyanunua. Kuanzia 1825 Locks and Canals iliuza vitu vitatu: ardhi, mashine kutoka karakana yake, na maji kwa kipimo. Kipimo kiliitwa nguvu ya kinu kimoja, na kilikuwa kiasi cha maji kilichotosha kuendesha kinu cha pili cha Waltham, chenye pia 3,584 za kusokotea uzi pamoja na mashine zote za kuandaa na kufuma zinazoandamana nazo. Bei ilikuwa dola 4 kwa kila pia, jumla dola 14,336, na juu yake kodi ya dola 300 kwa mwaka.

Kwa hesabu, kipimo kimoja kilikuwa futi za ujazo 25 kwa sekunde, yaani kama lita 700, zikianguka futi 30, ambazo ni mita 9 na kidogo. Hiyo ni kama nguvu farasi 85 ndani ya maji. Magurudumu ya mbao ya wakati ule yalipoteza karibu theluthi yake njiani, basi kilichofika kwenye mashine kilikuwa kama 60. Lakini si kila kiwanda kilipata anguko zima. Mifereji ilijengwa kwa ngazi mbili: maji yalitumika mara ya kwanza yakishuka futi 13 kutoka mfereji wa juu kwenda wa chini, kisha mara ya pili futi 17 kutoka wa chini kurudi mtoni. Aliyekuwa ngazi ya juu alihesabiwa futi za ujazo 60 na nusu kwa kipimo kimoja, wa chini 45 na nusu. Anguko likipungua, maji yaongezwe ili nguvu ibaki ile ile. Mifereji yote ikijumlishwa ilifika karibu kilomita 9, na wachimbaji wake walikuwa hasa Waayalandi, ambao makazi yao yalikuwa vibanda pembeni ya mji huku kampuni zikijijengea kwa matofali.

Ndani ya kinu, umeme haukuwapo, basi nguvu ilipanda kutoka gurudumu la chini hadi ghorofa ya juu kwa vyuma vinavyozunguka na mikanda. Waingereza walitumia magurudumu ya meno ya chuma, Moody akayabadilisha kwa mikanda mipana ya ngozi, ambayo ilikuwa rahisi kutengeneza na ilivumilia kuta zisizonyooka sawasawa. Kazi zilipangwa kwa ghorofa. Marobota yalifunguliwa na kupigwa kwenye jengo la pembeni, kwa sababu vumbi la pamba huwaka kama petroli na moto mara nyingi ulianzia hapo. Ghorofa ya chini kabisa ilikuwa ya kuchana pamba, maana mashine hizo ni nzito. Juu yake ilisokotwa, juu zaidi ilifumwa, na darini mtande ulipakwa wanga.

Matatizo ya kinu cha maji hayakuwa ya ukame peke yake. Mafuriko pia yalisimamisha kazi, jambo linaloshangaza hadi uone sababu yake. Mto ukijaa, maji ya chini hupanda, kwa hiyo anguko linapungua, na gurudumu la mbao linaanza kuzamisha sehemu yake ya chini na kujikokota ndani ya maji yaliyotuama. Wakati wa baridi barafu ilizuia milango ya mifereji. Na mwendo ukibadilika, hata kidogo, uzi hukatika: gurudumu likizidisha kasi, pia za kusokotea huvuta kuliko nyuzi za pamba zinavyoweza kushikana, na likipunguza, uzi unapindwa vibaya na kutoka na vinundu. Hewa kavu nayo ni adui, maana pamba kavu inavunjika na kushika umeme wa msuguano. Ndiyo sababu madirisha yalifungwa hata wakati wa joto na mvuke ukapuliziwa ndani. Fukuto la Mombasa, ambalo sisi tunalilalamikia, mfumaji wa kule alilitengeneza makusudi. Walioivuta hewa hiyo yenye nyuzi miaka mingi waliondoka na vifua vilivyoharibika.

Mhandisi aliyeyashughulikia matatizo ya maji alikuwa James B. Francis, Mwingereza aliyefika Lowell mwaka 1834 na kuwa mhandisi mkuu wa mifereji mwaka 1837. Mwaka 1844 Uriah Boyden alikuwa amefunga turbini, gurudumu la chuma linalozunguka likiwa limezama kabisa, kwenye kampuni ya Appleton, nayo ikatoa asilimia 78 ya nguvu ya maji. Miaka miwili baadaye akafikia 88. Kwa kuwa turbini hufanya kazi chini ya maji, haikokotwi na mafuriko kama gurudumu la mbao. Francis akapima, akabadilisha, akageuza maji yaingie kutoka nje kwenda katikati. Aina hiyo, yenye jina lake, ndiyo inayotumika zaidi duniani kwenye mabwawa ya umeme. Turbini za Gitaru na Kiambere kwenye mto Tana ni za Francis, na njia kubwa ya umeme inatoka Kiambere hadi Rabai, karibu na Mombasa. Taa ya duka la Mtaa wa Biashara inayolimulika jora la marekani ina deni kubwa kwa Lowell kuliko jora lenyewe.

Kazi yake nyingine ilikuwa mfereji mpya wa kaskazini, uliokamilika mwaka 1848. Haukuongeza mto. Uliongeza njia, na maji yakipewa njia pana hutembea polepole, na yakitembea polepole hayapotezi kimo kwa kusuguana na kingo. Kimo hicho kilichookolewa kilirudi kwenye turbini kama nguvu. Ili yasipungue kiangazi, kampuni za Lowell na za Lawrence, mji wa jirani, zilinunua haki ya kufungulia maziwa ya New Hampshire, karibu kilomita 100 kaskazini. Wenyeji wa huko waliona mashamba yao yakifurika au vinu vyao vikikauka kwa faida ya watu wa jimbo jingine, na mwaka 1859 kundi lao lilikwenda kuubomoa ukuta wa bwawa kwa vyuma na mashoka.

Na kuna lango. Francis alichunguza rekodi za mafuriko ya zamani, akaamua mfereji wa kwanza ungeweza siku moja kuuleta mto wote katikati ya mji. Mwaka 1850 akajenga lango kubwa la mbao, likaning'inizwa juu kwa pingu ya chuma. Watu walilicheka. Aprili 1852 mto ulipofurika, fundi akaikata pingu kwa patasi na nyundo, lango likashuka, mji ukapona. Lilitumika tena mwaka 1936, miaka 84 baadaye.

Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa hasa wasichana kutoka mashamba ya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki, waliolala kwenye nyumba za kampuni chini ya mama mlezi na kuamshwa kwa kengele. Kazi ilifika kama saa 73 kwa wiki. Mwaka 1834 kampuni zilipopunguza ujira, wapatao 800 waligoma na kushindwa. Mwaka 1836 zilipopandisha gharama za malazi, waligoma zaidi ya 1,500, na safari hii baadhi ya kampuni zilirudi nyuma. Baadaye nafasi zao zikachukuliwa na Waayalandi, Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki na Wareno.

Lakini pamba yote ilitoka majimbo ya kusini, kwenye mashamba ya watumwa. Lowell ilifuma hata kitambaa kigumu cha kuwavisha watumwa hao, na huko kusini kitambaa hicho kiliitwa lowell, kwa herufi ndogo, kama kwetu kilivyoitwa marekani. Kila mmoja alikiita kwa jina la mahali alipodhani kimetoka. Ukifuata uzi huo hadi upande wetu mambo hayapendezi zaidi: pamba iliyochumwa na mtumwa wa Alabama ililipia pembe zilizobebwa na watu ambao wengine nao walikuwa watumwa, na mara nyingine ililipia watu wenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikata uzi huo. Bandari za kusini zilifungwa, bei ya pamba ikapanda, na kampuni nyingi za Lowell zikafanya kosa la kihesabu: ziliuza pamba iliyokuwa ghalani kwa faida ya haraka, zikafunga vinu, zikawatoa maelfu ya wafanyakazi. Huku pwani merikani ikaadimika. Pengo likajazwa na Manchester, halafu na Bombay, ambako kinu cha kwanza cha pamba kilianza kazi mwaka 1856 kwa mvuke. Bombay ilikuwa na pamba yake, ilikuwa safari ya msimu mmoja wa kaskazi, na wafanyabiashara wake walikuwa tayari na maduka Mombasa. Walifuma kitambaa kile kile na kukiita jina lile lile. Miaka ya 1920 na 1930 Japani ikafanya hivyo hivyo kwa bei ya chini zaidi.

Lowell haikufa kwa kukauka mto. Mto uligawiwa hadi tone la mwisho, kisha mji ukalazimika kununua makaa ya mawe kama wengine, na makaa ni rahisi kwenye bandari kuliko bara. Kisha majimbo ya kusini yakajenga vinu vyao karibu na pamba, kwa mashine mpya na ujira mdogo. Vinu vya Lowell vilianza kufungwa kwa wingi miaka ya 1920, na kampuni ya Merrimack, ile ya kwanza, ilifunga mwaka 1958. Mwaka 1978 serikali iliyafanya majengo na mifereji kuwa hifadhi ya taifa ya historia.

Marekani inayouzwa leo imefumwa Asia au hapa Afrika Mashariki, na ubora wake hutofautiana jora kwa jora. Kagua kama walivyokagua wa zamani: fikicha ncha uone kama vumbi linadondoka, inua dhidi ya mwanga uhesabu matundu, kisha vuta kwa mshazari uone kama nyuzi zinateleza na kuacha mwanya. Jina lisikupe imani. Ukinunua kwa ajili ya nguo au foronya, ongeza kipande, kwa sababu pamba iliyotoka mashineni bila kuoshwa hurudi, yaani hupungua ukubwa, na hurudi zaidi kwa urefu kwa vile mtande ulivutwa wakati wa kufumwa. Loweka usiku kucha wanga utoke, fua kwa maji ya moto, anika, piga pasi, na upime tena kwa wari kabla ya kushika mkasi.